Meno yamebadilika rangi: lisome doa kabla ya kununua dawa

"Dokta, Jumamosi ni sendofu yangu, nataka meno meupe pe."

Ilikuwa Jumanne. Binti alikuja na boksi aliloagiza mtandaoni. Ndani mlikuwa na kijitaa cha bluu, bomba tatu za jeli ya kupausha meno, yaani kuyafanya meupe, na trei ya mpira ya kuvaa juu ya meno, ya saizi moja kwa vinywa vya dunia nzima. Nilipomwinua mdomo nikaona mambo matatu tofauti. Nyuma ya meno ya chini kulikuwa na ugaga mgumu wa kahawia, meno mawili ya mbele yalikuwa na mabaka aliyoota nayo, na jino la pembeni lilikuwa limezibwa zamani na kizibo kimegeuka njano. Boksi lile lisingeondoa hata kimoja kufikia Jumamosi. Nilimkwangua ugaga, nikamsugulia meno kwa brashi ya mashine, akaenda kwenye sendofu yake na tabasamu safi. Mabaka tuliyaanza baada ya fungate.

Wengi wanaokuja kwangu wameshanunua dawa kabla ya kujua wanachotibu. Rangi ya jino hukaa sehemu tatu: juu ya jino, ndani ya jino, au kwenye kitu ambacho si jino kabisa, kama kizibo. Dawa ya sehemu moja haigusi nyingine.

Unaweza kuanza kujisoma mwenyewe nyumbani. Simama dirishani mchana na kioo cha mkononi, maana taa ya bafuni inadanganya. Kausha meno kwa kitambaa safi, kisha pitisha ukucha taratibu. Kitu kinachokwaruza na chenye ukingo karibu na fizi ni ugaga. Doa la juu hupenda pembe ambazo mswaki haufiki: katikati ya jino na jino, nyuma ya meno ya chini, kandokando ya fizi. Doa la ndani lina umbo lake na halijali mswaki unapita wapi. Halafu hesabu. Je, ni meno yote, machache yanayofanana kulia na kushoto, au ni moja tu? Jibu la swali hilo peke yake limeshanipa nusu ya kazi.

Yote yamekuwa ya njano, pole pole

Gamba la nje la jino, enameli, hupitisha mwanga kama kioo chenye ukungu. Chini yake kuna dentini, ambayo kwa asili ni ya njano. Miaka inavyopita enameli hulika na dentini huongezeka unene, na ile njano ya chini huonekana zaidi. Mtu wa miaka 50 mwenye meno ya njano kuliko alipokuwa na 20 hana uchafu, ana umri. Chonge huwa njano kuliko jirani zake hata kwa kijana, kwa sababu dentini yake ni nene. Hii ndiyo rangi inayokubali kupaushwa kuliko zote.

Ila angalia jambo moja kwanza. Kama njano imekuja pamoja na ncha za meno ya mbele kuwa nyembamba hadi mwanga unapita, na maji baridi yanakuchoma, mhalifu ni asidi: soda za kila siku, juisi ya ukwaju, ndimu ya kunyonya, au kiungulia kinachopanda usiku. Kupausha meno ya namna hiyo ni kumwongezea mgonjwa kidonda. Asidi ikomeshwe kwanza, na baada ya kunywa kitu kikali usipige mswaki papo hapo. Suuza kwa maji, subiri kama nusu saa, kwa kuwa enameli iliyotoka kulowa asidi ni laini.

Kahawia au nyeusi, hasa nyuma na katikati ya meno

Chai ya rangi haikuitwa hivyo bure. Tanini zake, yaani kemikali zinazotia madoa, hushika kwenye utando unaolifunika jino, na za kahawa vivyo hivyo. Ukitia maziwa, protini yake hushikana na tanini kabla hazijafika kwenye jino, ndiyo maana wanywaji wa chai ya maziwa huwa na madoa hafifu kuliko wa chai ya rangi. Sigara, ugoro na mirungi vina madoa yao, na pwani, Unguja na Mombasa, tambuu huacha wekundu unaoelekea kwenye kahawia.

Kwa watafunaji wa tambuu nasimama kidogo. Popoo, kokwa iliyomo ndani ya tambuu, inatambuliwa na Shirika la Afya Duniani kuwa inasababisha saratani, iwe na tumbaku au bila. Ukiona baka jeupe lisilofutika ndani ya shavu, kidonda kisichopona wiki mbili, au mdomo haufunguki kama zamani, habari ya rangi iache. Nenda hospitali.

Kuna chanzo kingine ambacho watu hawakitarajii, nacho ni dawa ya kusukutua yenye klorheksidini. Tunawaandikia wagonjwa wa fizi kwa wiki moja au mbili, wao wanaipenda ladha na kuendelea miezi mitatu, kisha wanarudi na meno ya kahawia wakidhani yameoza. Hayajaoza. Acha dawa, njoo usuguliwe.

Madoa haya yote hayahitaji kupaushwa. Yanahitaji kukwanguliwa ugaga na kusuguliwa, kazi ya kikao kimoja kwa walio wengi. Watu wengi waliokuja kuniomba meno meupe waliridhika na usafi huu tu, wakaondoka bila jeli yoyote. Na anayepaka jeli juu ya ugaga anapausha ugaga. Nyumbani, mswaki wa mti unaondoa doa la juu vizuri ukitumiwa kwa upole na ncha yake kuchambuliwa upya kila siku. Usisugue kwa kukata mlalo kwenye shingo ya jino, hapo enameli ni nyembamba sana.

Mtoto ana mstari mweusi, au meno mapya yameota ya njano

"Shikamoo daktari. Mwanangu meno ya utoto yalikuwa kama maziwa, haya mapya mbona yameshaharibika?"

"Marahaba. Ana miaka mingapi?"

"Saba."

Nikamwambia amwachie mtoto atabasamu. Meno ya utoto ni meupe kuliko ya ukubwani kwa maumbile, na yanapokaa pamoja mdomoni tofauti huonekana kama ugonjwa. Meno mengine yote yakishabadilika, mama hataiona tena.

Mstari mwembamba mweusi unaofuata ukingo wa fizi mara nyingi hutokana na bakteria wanaotengeneza rangi. Huondoka kwa kusuguliwa na hupenda kurudi, lakini haumdhuru mtoto. Dawa ya maji ya kuongeza damu, yenye madini ya chuma, nayo hutia weusi. Mpe kwa mrija, kisha mswaki. Kilicho hatari ni tundu la kahawia au jeupe kama chaki ambalo ni laini ukiligusa: hilo ni jino linalooza, linahitaji kuzibwa. Na jeli ya kupausha kwa mtoto, hapana. Katika Umoja wa Ulaya sheria tangu 2012 inakataza bidhaa za peroksaidi, dawa yenyewe ya kupausha, zinazozidi asilimia 0.1 kwa walio chini ya miaka 18, na mimi nafuata mstari huohuo hapa.

Jino moja tu limekuwa la kijivu

Usinunue chochote. Jino moja likigeuka rangi peke yake, uliza liliumia lini. Mara nyingi kuna kumbukumbu ya kuanguka na baiskeli, kiwiko uwanjani, pengine miaka kumi iliyopita. Damu ilivuja ndani ya jino, mshipa ukafa, na masalia yake yakaingia kwenye dentini. Jino huweza kukaa kimya hivyo miaka, huku usaha ukijikusanya kwenye ncha ya mzizi. Linahitaji picha ya eksirei kwanza, na mshipa ukiwa umekufa, kutibiwa mzizi.

Baada ya hapo linaweza kupaushwa kutoka ndani. Tunafungua tundu la nyuma, tunaweka kizuizi juu ya dawa ya mzizi, tunatia dawa ya kupausha, tunafunga, na mgonjwa anarudi baada ya siku kadhaa. Kizuizi kile si cha mapambo. Dawa ikipenya hadi nje ya mzizi, mwili unaweza kuanza kuula mzizi wenyewe. Jeli ya kupaka kwa nje inabadilisha jino la namna hii kidogo mno, na inawapausha majirani wake wazima, kwa hiyo lile la kijivu linazidi kujitangaza.

Mabaka ya kahawia na meupe tangu utotoni

Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo nilipo mimi mwenyewe. Nimekulia chini ya Mlima Meru, na meno yangu mawili ya mbele yana wingu la kahawia. Shuleni Dar es Salaam niliambiwa sipigi mswaki. Nilipiga hadi fizi zikatoka damu.

Chanzo ni madini ya floraidi kwenye maji. Miamba ya volkano ya Bonde la Ufa inayo kwa wingi, na maji yanayopita humo huyabeba: Maji ya Chai, Ngarenanyuki na vijiji vingi vya Meru, na upande wa Kenya Nakuru, Naivasha na Elementaita. Shirika la Afya Duniani linashauri yasizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu hadi 4, kwa kuwa sehemu nyingine maji ya chini ya hapo hayakupatikana.

Floraidi haina rangi wala ladha. Inachofanya ni kuvuruga enameli wakati inatengenezwa ndani ya taya, kabla jino halijaota. Kwa meno ya mbele kipindi hicho ni miaka ya kwanza ya maisha, na kwa meno mengi kinakwisha kufikia miaka minane hivi. Jino huota likiwa na madoa meupe kama chaki, na yale yenye vinyweleo vingi hufyonza rangi ya vyakula na kuwa kahawia baadaye. Ndiyo maana mtu mzima aliyehamia Arusha na miaka 30 hapati meno ya kahawia hata akinywa maji yale kila siku, na aliyezaliwa hapa akahamia Tanga na miaka kumi anayabeba hadi Tanga.

Maji siyo peke yake. Magadi ya mawe, yale tunayotia kwenye maharage na makande yaive upesi, yanaweza kuwa na floraidi nyingi, na yamehusishwa na mabaka haya hata kwenye vijiji ambavyo maji yake hayana neno. Kwa familia yenye mtoto mdogo, loweka maharage usiku kucha, magadi yaache. Kuchemsha maji hakusaidii. Yanapungua kwa mvuke, floraidi inabaki palepale, sasa ikiwa nzito zaidi. Yanayosaidia ni maji ya mvua, chanzo kingine kilichopimwa, au chujio la mkaa wa mifupa ya ng'ombe, kazi ambayo kituo cha Ngurdoto, mkoani Arusha, kimeifanyia utafiti kwa miaka mingi.

Sasa tiba, na hapa watu wanaumizwa sana. Kijana mmoja alikuja kwangu akiwa amesugua meno yake ya mbele kwa msasa wa fundi seremala. Kahawia ilikuwa imepungua kweli. Enameli nayo. Hakuweza kunywa maji ya bomba asubuhi bila kushika shavu.

Tunapanda ngazi moja moja, kuanzia ile isiyokata jino. Kahawia hafifu mara nyingi hupungua kwa kupaushwa pole pole na jeli ya trei. Mabaka meupe hayapaushiki, yameshakuwa meupe. Tunachofanya ni kuinua rangi ya jino lote ili baka lisijitenge, au kulijaza baka kwa utomvu mwepesi unaopenya ndani ya vinyweleo na kulifanya lififie. Kahawia iliyoshika karibu na uso wa jino tunaisugua kwa mchanganyiko wa asidi na unga laini, fizi zikiwa zimefunikwa kwa mpira. Tunaondoa sehemu ndogo sana ya milimita, tunaacha. Kilichobaki hapo, au meno yenye mashimo, ndiko kwenye kuvikwa gamba la plastiki ya kuzibia au la kauri. La plastiki linatengenezwa siku hiyohiyo na linaweza kurekebishwa. La kauri ni zuri zaidi na hudumu zaidi, bei yake ni mara kadhaa, na mara nyingi jino hunolewa kulipisha. Jino likishanolewa halirudi. Mtu akikupeleka moja kwa moja kwenye kauri bila kukutajia ngazi za chini, omba maoni ya daktari mwingine.

Mimi yangu niliyapausha kwa trei majuma sita. Wingu limekuwa rangi ya chai ya maziwa, nami nimeridhika nalo.

Mistari ya kijivu inayokata meno yote mlalo

Fikiria tetrasaikilini, dawa ya kuua bakteria, aliyopewa mtu akiwa mtoto, au mama yake akiwa mjamzito. Dawa hiyo hushikana na kalsiamu ya jino linalojengwa, na rangi hukolea kadiri jino linavyopigwa na mwanga. Inapaushika, lakini kwa miezi, siyo wiki: miwili hadi sita, wengine zaidi, na kijivu karibu na fizi ndicho kinachokaidi hadi mwisho.

Nimetumia limao, mkaa, majivu, na sasa yamekuwa mabaya zaidi

Limao lina asidi kali, pH yake ni kama 2, wakati enameli huanza kuyeyuka karibu na 5.5. Siku mbili za kwanza jino linaonekana jeupe kwa sababu uso wake umechubuka na kuwa kama chaki, na hapo ndipo mtu anawapigia simu marafiki. Wiki chache baadaye enameli imepungua, dentini inachungulia, na njano imezidi ile ya kwanza. Halafu anaongeza limao.

Mkaa hausafishi kwa miujiza yoyote, unasugua, na wa jikoni uliotwangwa una chembe kubwa zinazokwaruza. Pia huingia chini ya fizi na kwenye nyufa, ukaacha kamstari ka kijivu. Majivu na mchanga ni hadithi hiyohiyo. Soda ya kuokea, bikaboneti, ni laini na haina ubaya mara mojamoja, ila inaondoa doa la juu tu. Usije ukachukua magadi ya mawe badala yake, na Mungu apishe mbali usichukue kostiki soda ya kutengenezea sabuni: hiyo inaunguza mdomo hadi koo. Dawa ya kufulia nguo nyeupe nayo nimeisikia ikishauriwa. Sina la kuongeza hapo.

Ukishafanya haya, acha yote, tumia dawa ya meno yenye floraidi (jino likishaota halipati tena yale mabaka) na mswaki laini, na usipaushe hadi msisimko, yale maumivu ya ghafla ya meno, uishe. Enameli iliyoondoka haioti tena. Kwa sehemu zilizolika sana tunafunika.

Ukiamua kupausha

Dawa inayofanya kazi ni peroksaidi. Inapenya enameli, inavunja molekuli za rangi ndani ya dentini, basi. Huja kwa majina mawili, haidrojeni peroksaidi na kabamaidi peroksaidi, na watu huchanganyikiwa na namba kwenye boksi: kabamaidi ya asilimia 10 inatoa haidrojeni peroksaidi kama asilimia 3.5 tu. Namba kubwa siyo lazima dawa kali.

Njia ninayoipendekeza kwa wengi ni trei iliyoumbwa kwa meno yako, na kabamaidi ya asilimia 10, usiku, wiki mbili hadi sita. Imetumika tangu 1989, na ndiyo njia iliyochunguzwa kuliko nyingine za nyumbani. Tone la jeli lenye ukubwa wa punje ya mchele kwa kila jino linatosha. Inayofurika futa kwa kidole.

Njia ya kwenye kiti hutumia haidrojeni peroksaidi ya asilimia 25 hadi 40. Inafaa kwa mwenye haraka, mradi fizi zimezibwa kwa utomvu wa kinga na macho yamefunikwa. Taa ya bluu inapendeza kwenye picha, lakini matokeo yake ya kudumu ni madogo mno. Nyingi ya weupe wa saa ile ni jino kukauka.

Kabla ya kuanza, meno yaliyotoboka yazibwe, fizi zinazotoka damu zitibiwe, na daktari aandike rangi yako ya kuanzia kwa kipimo cha vimeno 16 vya mfano, A1 hadi D4. Bila hiyo baada ya wiki mbili utabishana na kioo. Mjamzito na anayenyonyesha wasubiri, haraka ni ya nini?

Meno yanasisimka

Ni ile ganzi ya kula embe bichi, ila inapiga kama umeme. Ndiyo tatizo la kawaida kuliko yote, na kwa kawaida hupotea siku chache baada ya kuacha. Ruka usiku mmoja au miwili. Punguza saa. Tumia dawa ya meno ya meno yanayosisimka, yenye potasiamu naitreti, na unaweza kuitia kwenye trei yenyewe dakika 10 hadi 30 kabla ya jeli. Maumivu ya jino moja yanayokuamsha usiku si msisimko wa dawa. Kuna tundu au ufa, njoo.

Fizi imegeuka nyeupe na inawaka

Jeli imeiunguza. Suuza kwa maji mengi. Weupe hutoka ndani ya saa kadhaa, kidonda kikibaki hupona siku chache. Chanzo ni jeli nyingi au trei isiyokukaa, na hizi trei za saizi moja huvujisha kila upande. Kwenye kiti, ukihisi kuwaka sema papo hapo, usivumilie kwa adabu.

Nimemaliza boksi zima, hakuna kilichobadilika

Peroksaidi haipendi joto. Bomba lililokaa miezi kwenye kontena, kisha kwenye kioo cha duka kinachopigwa na jua la Kariakoo, linaweza kuwa limebaki na jeli tupu. Hifadhi yako kwenye friji, soma tarehe. Sababu ya pili ni sheria: boksi halali ambalo shangazi amekununulia dukani Uingereza au Ujerumani haliruhusiwi kuzidi asilimia 0.1, na kiasi hicho hakifanyi chochote unachoweza kukiona. Ya tatu umeshaisoma juu: pengine doa lako si la kupaushwa.

Yalikuwa meupe sana, wiki moja yamerudi

Yalikuwa yamekauka. Jino likinyonya tena maji hushuka kidogo, na rangi ya kweli inaonekana baada ya wiki moja hadi mbili. Ikirudi baada ya mwaka au miwili, hiyo ni kawaida, siku chache za jeli kwenye trei yako ileile zinatosha. Ndiyo faida ya trei, usiitupe. Anayepausha kila mwezi kwa kuwa hajawahi kuona weupe wa kutosha, huyo namzuia.

Madoa meupe yamejitokeza yasiyokuwepo

Yalikuwepo. Meno yakikauka madoa hayo yanang'aa zaidi, na mengi hutulia siku chache baadaye. Yasipotulia wiki mbili, turudi kwenye ule utomvu wa kujaza.

Kizibo, au jino la bandia, limebaki na rangi ya zamani

Peroksaidi haibadilishi plastiki, kauri wala chuma. Kama una kofia ya jino mbele, tuzungumze kabla ya kuanza, kwa kuwa majirani wakishapauka itabidi kofia hiyo itengenezwe upya. Vizibo tunabadilisha baadaye, wala siyo siku hiyohiyo. Oksijeni iliyobaki ndani ya jino inakizuia kizibo kipya kushika, na rangi bado haijatulia. Andika tarehe uliyomaliza jeli, hesabu siku 14, ndipo uje tuchague rangi.